Ngeli ya KI-VI

Webuye, wakati kiwanda cha karatasi
kilinuka mayai viza hadi ndani ya chai,
Daktari Adhola alimwambia baba,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei,
"Itabidi tumtoe kizazi."

Nilikuwa darasa la saba, nimesimama mlangoni na chupa ya uji.
Kizazi nilikijua. Wiki ile ile nilikiandika
kwenye insha ya misitu, tuitunze kwa ajili ya vizazi vijavyo,
nikapata thelathini na moja juu ya arobaini.
Nikajiuliza: watatoa kipi?
Cha kuka Masengeli, wa rika la Nyange,
ambaye bado aliwaita kwa majina ng'ombe waliokufa?
Cha baba, wa Chuma?
Ama hiki chetu, sisi sita wa mkeka mmoja?

Baba akatia sahihi. Kalamu ilikuwa ya mwenyewe,
akairudisha.

Usiku ule niliwahesabu waliolala.
Sita, nikiwemo. Nikarudia, nikianzia miguuni.
Sita, na paka.

Wanaume wa kwetu walikuwa na orodha:
Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi,
Nyange, Maina, Chuma, Sawa,
kisha Kolongolo tena, kama gurudumu la baiskeli
linalokileta kiraka chake juu.
Kuka aliitaja yote bila kuvuta pumzi, akikuna goti.
Nilimtafuta mama humo. Namaemba,
aliyezaliwa mtama ukivunwa.
Hakuwemo. Wala dada zake.

Alirudi siku ya tisa, akitembea
kama aliyejitwika maji asiyotaka yamwagike.
Nikamuuliza walikiweka wapi.
Akacheka, akazishika nyuzi kwa kiganja.
"Usinichekeshe, we mtoto. Nyote mlishatoka.
Wamechukua gunzi."

Siku hizi nafundisha Kiswahili, ng'ambo ya Nzoia,
na ubaoni naanzia kwenye zaa:
mzazi, uzazi, mzaliwa, zao, mazao.
Kizaazaa nakiacha nje. Si ndugu yao,
ingawa kwenye kamusi kimepanga chumba jirani.
Mtoto ni m-wa, nawaambia. Mjukuu ni m-wa.
Kisha twashuka: kitukuu, kilembwe, kilembwekeza,
wote wamevaa ki, kama kijiko, kama kiti,
kana kwamba macho yakifika mbali hivyo
hayaoni tena watu, yaona vitu vidogo vinavyometameta.
Lakini twasema kitukuu amelala,
hatusemi kimelala.
(Hapo huwa kuna mmoja anayeinua mkono,
na huwa sina jibu la kumridhisha.)

Kinu ni cha kutwangia. Kizazi, basi, ni cha kuzalia?
Kipi kilitangulia, tumbo au watu wake,
sijui. Kamusi yangu inaweka moja, inaweka mbili,
haielezi kwa nini mbili si moja.
Na yule aliyetolewa moja,
mbili yake huhesabiwa na nani?

Jumatatu niliwapa kazi: tunga sentensi, neno kizazi.
Madaftari thelathini na manane ya vizazi vijavyo,
kizazi cha simu, kizazi kilichopotoka,
kizazi kisichosikia la mkuu.
La thelathini na tisa, la Wafubwa, mwandiko umelalia kushoto:
Kizazi cha mama kinamuuma tangu Krismasi.

Niliweka alama ya vema. Mbili juu ya mbili.
Kisha nikatafuta nafasi pembeni ya kumuuliza
kama mama amefika hospitali, na ipi,
lakini ule wino mwekundu
ulionekana mwingi mno.

Nikaenda meza ya pili,
nikaazima kalamu ya buluu.